Maua Badala ya Jina

Kila Desemba naoka biskuti za tangawizi zenye umbo la mtu, na kila Desemba najiambia mwaka huu basi, nimechoka. Majirani zangu hapa Kagondo, Bukoba mjini, wanadhani ni biashara. Wakisikia harufu wanachungulia uani, wanauliza bei, na nikiwaambia siuzi wanaondoka wakiamini ninaringa. Waache waamini hivyo. Sina nguvu ya kumweleza mtu anayepita njia kwamba biskuti hizi ni za watoto wa mdogo wangu kule Muleba, na kwamba zilimharibu mmoja wao mikononi mwangu.

Mapishi nilijifunza nikiwa msichana wa shule ya bweni, kwa sista mmoja mzungu aliyesimamia jiko. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwa na subira na wasichana wavivu. Alitufundisha kuponda tangawizi mpaka nyuzi zitoke, kuikamua, kuchanganya maji yake na sukari guru iliyoyeyushwa, mdalasini na karafuu, kisha siagi na unga wa ngano. Donge likishakuwa laini linafunikwa kwa kitambaa kibichi lipumzike. Ukilifunua mapema anakupiga vidole kwa mwiko. Mpaka leo sina oveni. Naokea ndani ya sufuria kubwa niliyoitandika mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na pua ndiyo inayoniambia wakati wa kufunua.

Kibati cha kukatia umbo nilitengenezewa na fundi bati wa sokoni Bukoba. Nilimchorea mtu kwenye karatasi, mikono ameinyoosha pembeni. Fundi akaitazama ile karatasi, akanitazama na mimi. "Mama, huyu ni mwizi amekamatwa?" Nilimwambia afanye kazi yake. Alikata kopo la mafuta ya kupikia, akalikunja, akanipa mtu mwenye miguu minene asiye na shingo. Nilimlalamikia, akasema watu wa namna hiyo wapo, na kweli wapo, mmoja nilikuwa nimeolewa naye.

Huyo mume alinirudisha kwetu baada ya miaka tisa bila mtoto. Neno "alinirudisha" linanichoma hata nikiliandika, kana kwamba nilikuwa karai la kuazima. Wazazi walikuwa wameshafariki, wamezikwa ndani ya kibanja chetu, shamba la ukoo, chini ya migomba, jirani na Rubya, huko huko Muleba. Kibanja alikuwa amerithi mdogo wangu, maana kwetu mwanamume ndiye hurithi. Alinipokea vizuri, sikatai. Lakini dada aliyeachika katika kibanja cha mdogo wake anajua kwamba kila asubuhi anaamka kwa ruhusa. Nikapata kazi ya kufundisha mjini, nikapanga nyumba Kagondo, na kila Krismasi nikawa narudi Rubya na boksi la biskuti kwa ajili ya watoto wake watano. Nilitaka niwe na kitu cha kuingia nacho mlangoni.

Kila mtoto alikuwa na biskuti yake yenye jina lake. Nilisaga sukari mpaka ikawa unga, nikaipiga na ute mweupe wa yai na matone ya ndimu, nikaijaza kwenye pakiti ya maziwa iliyooshwa na kutobolewa pembe. Sehemu nilitia rangi ya bitiruti, sehemu nikaiacha nyeupe. Kifuani kwa kila mtu nikaandika jina la nyumbani. Kwetu mtoto ana majina mawili. La kwanza ni la ubatizo, analipata kanisani na kulitumia shuleni. La pili ni la Kihaya, nalo hutoka upande wa baba: baba mwenyewe anampa, au babu, au mtu mzima mwingine wa ukoo. Hilo la pili ndilo linalosema wewe ni wa nani. Mtoto akikosa hilo, kila mtu kijijini anajua kwa nini, wala hakuna haja ya kuuliza.

Katika wale watano, wa nne alikosa. Kabla mtoto huyo hajazaliwa, mdogo wangu alikuwa amekwenda kuvua samaki Goziba, akakaa kisiwani miaka miwili bila kukanyaga nyumbani. Aliporudi alimkuta mke wake na mtoto wa kike wa miezi minane. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeiweza. Watu walingoja kelele, wakangoja kipigo, wakangoja wifi yangu afungashiwe virago. Hakuna kilichotokea. Mdogo wangu aliingia ndani, akaoga, akala. Alimsomesha yule mtoto, alimnunulia viatu, alimpeleka hospitali alipougua. Kitu kimoja tu hakumpa. Nyumbani wote walimwita Akaana, yaani katoto, hata alipozaliwa mdogo wake wa kiume ambaye alipewa jina kabla kitovu hakijakauka.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa biskuti zangu nilikwama. Mtoto wa nne nimwandikie nini? "Akaana" kifuani lingekuwa kama tangazo. Jina la ubatizo nalo, katikati ya majina manne ya ukoo, lingepiga kelele zaidi. Nikapata akili ambayo niliiona ni kubwa sana. Nikamchorea maua. Nilimjaza maua kuanzia kifuani mpaka miguuni, nikampa vifungo, nikampa shanga shingoni pale ambapo shingo ingekuwepo. Ikawa biskuti nzuri kuliko zote.

Tulizigawa siku ya Krismasi baada ya misa, sebuleni, mbele ya wageni. Mdogo wangu ndiye aliyetoa biskuti moja moja ndani ya boksi, akasoma jina kwa sauti, akaongeza sifa kidogo, na mtoto akaja kupokea kwa mikono miwili huku wageni wakicheka na kutafuna punje zao za kahawa. Alipofika kwenye ile ya maua hakusoma kitu. Alisema tu, "Na hii ya mrembo wetu," na Akaana, ambaye alikuwa na miaka mitatu, akakimbia kuichukua. Kisha mdogo wangu akanigeukia. "Umefanya vizuri, dada." Nilivimba kichwa. Nilijiona mwanamke mwenye busara ambaye ameokoa sikukuu ya watu.

Ikawa ndiyo desturi. Kila mwaka majina manne na maua. Kila mwaka maua yakaongezeka, maana nilikuwa najisikia vibaya, na ninapojisikia vibaya naongeza urembo. Wenzake wakaanza kumwonea wivu. Kaka yake mkubwa alilia mwaka mmoja kwamba yake ina herufi tu. Nilicheka sana siku hiyo. Nikikumbuka kicheko kile natamani nijizabe kofi.

Mwaka alipotimiza miaka kumi na moja, mama yake alimtuma kwangu mjini wiki moja kabla ya sikukuu anisaidie kubeba mizigo. Alikuwa msichana mtulivu, mwenye kusimama akiegemea mguu mmoja, na mikono yake ilikuwa haitulii bila kazi. Alisukuma donge, akakata watu, akawapanga kwenye sinia. Zilipoiva na kupoa nikaketi mezani na pakiti yangu ya sukari, naye akakaa mbele yangu kunitazama. Niliandika jina la kwanza, la pili, la tatu. Nilipoanza ua la kwanza kwenye ile ya nne, akauliza.

"Shangazi, haya maua yanasomwaje?"

"Maua hayasomwi. Yanatazamwa."

"Ya wenzangu yanasomwa."

Niliendelea na petali kana kwamba sijasikia. Hakuninyamazia.

"Mwaka huu niandikie jina."

"Nikuandikie lile la ubatizo? Ni zuri."

"Hilo la padri. Nataka la nyumbani."

"La nyumbani anatoa baba, mwanangu."

"Bibi jirani kasema hata shangazi anaweza. Kasema akiwa wa damu ya ukoo anaweza kumpa mtoto." Akanitazama usoni. "Wewe si wa ukoo?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba mimi ni wa ukoo kwa mguu mmoja, na mguu huo anaushika baba yako. Nilikwangua lile ua kwa ncha ya kisu. Nikafikiri. Nikaandika jina la bibi yetu, aliyetulea mimi na mdogo wangu mama alipokuwa mgonjwa. Halikuwa limechukuliwa na mtoto yeyote. Herufi ya mwisho ikapinda kidogo. Nilimgeuzia asome. Alilisoma bila sauti, midomo ikitembea, mara tatu au nne.

"Linanitosha," akasema, kama mtu anayejaribu gauni.

Hakuondoka mezani mpaka sukari ilipokauka. Alikaa anailinda dhidi ya inzi mmoja. Nami nilikuwa na furaha, naisema wazi, furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu niachike. Nilijiambia nimempa mtoto kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya. Sikujua najisemea nini.

Tulifika Rubya jioni ya mkesha. Asubuhi ya Krismasi, tukiwa tunarudi kutoka misani, mdogo wangu alinivuta pembeni ya njia. Alikuwa na habari. Amefikiria sana, akasema, na ameona si sawa dada yake azeekee nyumba ya kupanga. Kule mwisho wa kibanja, karibu na makaburi ya wazazi, kuna kipande anataka kunipa nijenge kijumba. "Na siku yako ikifika, utalala pale pale na mama." Tungekwenda kukipima sikukuu ikiisha. Nilikuwa nimeisubiri kauli hiyo miaka kumi na moja bila kuiomba, kwa sababu mwanamke hawezi kuiomba. Mwanamke aliyeachika, asiye na mtoto, hajui atazikwa wapi. Watu wanadhani ni jambo dogo kwa kuwa wao wanajua pa kwao. Nililia pale njiani, akanipiga piga mgongoni.

Baada ya chakula sebule ilijaa. Walikuwepo wazee wawili wa ukoo, majirani, kiongozi wa kigango na mke wake. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa kwenye kikapu kidogo. Boksi langu likaletwa. Mdogo wangu akatoa ya kwanza, akasoma, binti mkubwa akapokea. Ya pili, ya tatu. Kisha akaitoa ya nne.

Akaisoma kimya. Niliona macho yake yakitoka mwanzo wa jina mpaka mwisho, yakarudi. Akaana alikuwa ameshanyanyuka nusu kutoka mkekani, mikono miwili mbele, tayari.

"Hii ya nani, dada?"

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Wazee wakaacha kutafuna. Wifi yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, alitazama chini. Kila mtu mle ndani alijua kilichoulizwa. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "ya mwanao," na yangekuwa yamesemwa mbele ya ukoo, na yeye angelazimika ama kuyapokea ama kuyakataa hadharani. Nadhani angeyapokea. Miaka yote hii bado nadhani hivyo, na ndiyo maana silali vizuri. Lakini pale niliona kipande cha ardhi chini ya migomba kikiondoka.

"Ni yangu," nikasema. "Nimemkumbuka bibi, nikajiandikia."

"Aah." Akatabasamu, akaninyooshea. "Basi chukua, waitu, wa kwetu."

Niliipokea. Nilitaka kuiweka mapajani, lakini mmoja wa wazee akacheka, akasema, "Kula bwana, tusherehekee na bibi," na wengine wakacheka kwa kuwa walihitaji kucheka. Macho yote yalikuwa kwangu. Niliuma kichwa. Ilikuwa imekauka vizuri, ilivunjika kwa sauti. Nikauma bega, nikafika kwenye herufi. Sukari ilikuwa tamu, tangawizi ikanichoma koo, na nikaendelea kutafuna mpaka ikaisha, maana sikujua namna nyingine ya kuacha kutazamwa.

Akaana alibaki amenyanyuka nusu kwa muda. Kisha akashusha mikono, akaketi.

"Na ya Akaana iko wapi?" akauliza yule mdogo wa mwisho, ambaye hakujua kitu.

"Nimesahau," nikasema. "Nitamletea nyingine."

Mdogo wangu akasoma jina la tano.

Jikoni, baadaye, nilimkuta wifi yangu anasugua sufuria kwa majivu. Yeye ndiye aliyeanza, bila kunitazama. "Afadhali ungeendelea na maua, wifi." Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kunigusia habari hiyo, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia chakula kimezidi chumvi.

Siku mbili baadaye tulikwenda kupima kipande changu. Mdogo wangu alipanda mimea ya mpaka pembe zote nne, akanishika mkono, akasema sasa nimefika nyumbani. Kipande ninacho mpaka leo, na wala sijajenga.

Mwaka uliofuata nilirudi na biskuti ya maua, kubwa kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Alipoitwa alikuja, akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. "Asante, shangazi, nimeshiba," akasema, akampa mdogo wake. Hakuonyesha hasira. Tangu siku ile hakula kitu chochote kilichotoka mkononi mwangu, hata ndizi niliyoimenya mbele yake. Aliniamkia, alinibebea begi, alinichotea maji ya kuoga. Mtu wa nje asingeona kasoro. Mimi niliona, na mara kadhaa nilitaka kumwita nyuma ya nyumba nimwombe msamaha, lakini nilijiuliza nitamwomba msamaha nikimwita jina gani.

Alifika kidato cha pili, akaacha shule. Asubuhi moja aliondoka na wanawake wanaokwenda visiwani kupika kwenye kambi za wavuvi na kuanika dagaa. Wapo waliosema kaenda kumtafuta mwanaume aliyemzaa. Kijiji kina maneno. Mimi nadhani alichagua Goziba kwa sababu kule hakuna anayemuuliza mwenzake ukoo, wote wamekuja kwa boti na wote ni wageni. Mdogo wangu alipoambiwa alikwenda kukata migomba iliyokauka. Wifi yangu alifunga kilemba cheusi mwezi mzima kama aliyefiwa.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilipanda boti kwenda kumtafuta. Sikubeba biskuti, ningeona aibu. Boti ilichukua muda mrefu, nilitapika, vijana wa mashine wakanicheka, nikashuka mwaloni, pale boti zinapofikia, nimelowa mpaka magotini. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa juu ya nyavu.

"Unamtafuta nani, mama?"

Nikataja jina la ubatizo. Akasema wapo watatu wenye hilo, wa Ukerewe, wa Kigoma, na mwingine aliyehama. "Kwao anaitwaje?" Nikasimama pale mchangani na umri wangu wote, sina jina la kumpa.

Nilimwona mwenyewe baadaye kidogo. Alikuwa nyuma ya meza ya mbao, ameegemea mguu mmoja, mtoto mchanga mgongoni, anapimia watu dagaa kwa kopo. Nilimsogelea mpaka akainua uso. Alinitambua mara moja.

"Shikamoo."

"Marahaba." Nikafanya kile nilichopaswa kufanya miaka sita iliyopita. Nikamwita kwa jina la bibi yetu, kwa sauti, mbele ya watu.

Alisawazisha dagaa juu ya kopo kwa kiganja.

"Hilo ulilila wewe," akasema.

Hakupandisha sauti. Mwanamke wa meza ya pili akanitazama kuanzia viatu vilivyolowa mpaka kilemba, akamuuliza, "Nani huyo?"

"Mteja."

Akangoja. Watu wawili walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mtoto mgongoni aliamka, akanikodolea macho, na sikuthubutu kuuliza anaitwa nani. Nikasema nipimie kopo mbili. Alipima, akamimina kwenye mfuko wangu, nikalipa. Kisha akachota dagaa kiganja kimoja, akaniongezea, kama wanavyomwongezea mteja yeyote aliyetoka mbali.